Honi Iliyomsindikiza Baba Mkwe

Aibu hii ningeweza kuikalia kimya mpaka nizeeke, na nilikuwa nimeshaamua hivyo, isipokuwa pale sokoni Lushoto wameanza kuisimulia bila mimi, na kila anayeisimulia anaongeza. Wiki iliyopita nimesikia kwamba nilikuwa nimevaa suti na ua kifuani. Sikuvaa suti. Kwa hiyo naisimulia mwenyewe, si kwa kuipenda, ila nataka ibaki kwa kipimo chake halisi, maana hata kwa kipimo hicho inanitosha.

Mimi ni dalali wa mboga na matunda. Kazi yangu, ukiitazama vizuri, ni kupunguza: mkulima akitaja bei napunguza, mwenye lori akitaja nauli napunguza, na mtu akinisalimia vizuri sana najiuliza anataka kuongeza nini. Hata mahari ya mke wangu niliipunguza (mbuzi mmoja, na sisemi kwa kujisifu), na baba mkwe, ambaye alikuwa mzee wa sauti ndogo, sauti ambayo ilibidi uinamishe kichwa ili uipate, alinitazama kwa muda, akasema, "Basi." Neno hilo moja. Tangu siku hiyo hakuniita mkwe wala kwa jina langu, aliniita Mnunuzi. "Mnunuzi amefika? Mpeni chai." Na kila nilipokwenda kwake, kule juu ya Magamba, alinitaka gari niliache chini barabarani nipande kwa miguu, kwa sababu ng'ombe wake walikuwa bandani karibu na nyumba na kelele za injini zinawashtua. Nami nilipanda kile kilima nikihema na mfuko wa sukari mkononi, nikinung'unika kwamba ng'ombe wa watu wengine wanaishi kando ya stendi na maziwa wanatoa.

Sasa, gari. Gari langu ni jeupe, refu kidogo, lina mlango mkubwa nyuma, na viti vikilazwa linabeba kabichi za kutosha. Siku za wikendi naliosha na kulikodisha kwenye harusi. Siku moja honi ikafa. Milima yetu mnaijua, barabara inazunguka kama kamba iliyotupwa chini, ukungu ukishuka huoni lori mpaka limekuvaa, na kila kona mtu anapiga honi kabla hajaingia, ndiyo desturi na ndiyo salama yetu. Bila honi sikuwa na biashara.

Nikaamua kutafuta ubovu mwenyewe, pale uwanjani kwangu, siku ya Jumamosi. Na hapa naomba haki yangu, kwa sababu kwenye kutafuta sikukosea. Nilikuwa na testa niliyojitengenezea kwa balbu ndogo ya indiketa na nyaya mbili. Nikachomoa fyuzi ya honi, nikaiangalia kwenye jua, nzima. Nikaibadilisha na ya redio, kwa sababu macho yangu siyaamini mara ya kwanza, bado kimya. Nikapima pale fyuzi inapokaa, balbu ikawaka, kwa hiyo umeme unafika. Nikashika nyaya mbili nikaziunga honi na betri moja kwa moja, ikalia, kuku wakaruka ua, na jirani akauliza kwa sauti kama nimenunua lori. Kwa hiyo honi yenyewe nzima, umeme upo, na kilichokatika kiko katikati, ndani ya usukani, pale unapobonyeza.

Nikaenda kwa fundi umeme wa magari mjini. Akasikiliza, akasema nimesema kweli, waya umekatika ndani ya usukani, ni kuufungua, na mle kuna puto la usalama, si kitu cha kuchezea. Akataja bei. Nikataja nusu yake. Akarudi kwenye chapati yake. Nikaondoka taratibu, kama tunavyoondoka sisi watu wa sokoni, hatua za mtu anayesubiri kuitwa, nikafika kwenye kona nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, nikafunga na ya mguu wa pili. Hakuniita.

Basi nikarudi nyumbani nikafanya ujanja wangu. Honi ina miguu miwili. Mguu mmoja nikaupa moto wa betri moja kwa moja, nikaufunga waya pale kwenye kichwa cha betri na kuubana kwa spana kwa nguvu zangu zote. Mguu wa pili nikauunga na waya mrefu ukaingia ndani mpaka kwenye swichi, na swichi nikaiunga na bodi ya gari, maana kwenye gari bodi yote ni hasi, waya ule ukigusa chuma popote honi inalia. Swichi yenyewe ilikuwa ya ukutani, ya taa ya nyumba, ilikuwa imebaki tulipojenga. Nikaibandika kwenye dashibodi. Ukitaka kupiga honi unawasha kama unavyowasha taa ya sebuleni, ukimaliza unazima. Abiria walicheka, mimi nilihesabu nilichookoa.

Tatizo lilikuwa tundu. Waya ule ulipita kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, na lile bati lina makali kama mfuniko wa kopo. Nyaya za kiwandani zinazopita pale zimevishwa raba, nililiona hilo kwa macho yangu. Nikajua nahitaji kipande cha raba. Mlangoni pa bafu palikuwa na ndala za mke wangu, za bluu, zimelika kisigino. Nikachukua moja nikaipima kwenye tundu, inatosha kabisa. Mwenyewe, Mama Zaina, alikuwa anaanika nguo, akaniona.

"Unataka kuikata? Kata tu," akasema.

Nikaigeuza ile ndala, nikaikunja, nikaiangalia unyayo. "Hapana," nikamwambia, "bado ina maisha."

Nikairudisha mlangoni, sawa na mwenzake. Waya nikaupitisha hivyo hivyo, bila raba. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo.

Siku chache baadaye, alfajiri, simu ikatoka Bumbuli, hospitali, alikokuwa amelazwa baba mkwe. Mama Zaina aliisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa chini sakafuni, na mimi nikajua kabla hajasema. Ilikuwa lazima mzee atolewe kule, afikishwe nyumbani, azikwe siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Shemeji yangu Rajabu, kaka yake mkubwa Mama Zaina, akapiga simu kutaka tukodi gari la kubebea maiti, na mimi nikasikia kinywa changu kinasema, "La nini? Gari lipo."

Niseme ukweli, nilitaka kupunguza gharama, ndiyo, lakini haikuwa hiyo tu. Nilitaka nimbebe mimi. Mtu aliyeniita Mnunuzi miaka yote hiyo, nilitaka angalau mara moja niwe niliyetoa.

Mama Zaina akaniangalia. "Hilo gari liko sawa?"

"Liko sawa."

"Baba hakupenda makelele. Unajua." Akajifunga kanga upya, akajifunga tena. "Baba Zaina, mambo yote umepunguza na mimi sikusema. Hili moja usilipunguze. Mfikishe taratibu, kimya kimya, kama alivyokuwa."

Nikamwahidi.

Nililifanyia gari usafi kama sijawahi. Nikalaza viti, nikatoa kila kitu kilichokuwa nyuma ili jeneza likae vizuri: jeki, kamba, kreti tupu, sanduku la spana. Nikavipanga ukutani nikavihesabu, nikavihesabu tena, hakuna kilichopotea. Vyote vilibaki nyumbani salama.

Kwenda Bumbuli hapakuwa na neno. Kwenye kona nilikuwa nawasha swichi, nazima, honi inalia inakata, na moyoni nikamcheka yule fundi na chapati yake. Hospitalini wenzetu walikuwa wameshamwosha na kumkafini mzee. Tukamwingiza, jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, Rajabu akakaa nyuma kulishika lisiyumbe. Mbele nikawa mimi peke yangu. Nyuma yetu ilifuata Haisi ya kina mama, ambamo Mama Zaina alikuwemo na dada zake, halafu pikapu ya wanaume. Tukawasha zile taa za kumetameta, magari yote matatu, ili watu wajue tuko pamoja, tukaondoka mwendo wa msiba.

Barabara ile kabla ya kufika Soni ni ya vumbi na mashimo, na sasa gari lilikuwa na uzito. Kwenye kona ya kwanza mbaya, honi ikasema *pi*. Fupi tu.

"Umemsalimia nani?" Rajabu akauliza kutoka nyuma.

"Hakuna. Limejipiga."

Kona ya pili ikasema *piii*. Ya tatu ikarefuka. Nikaanza kuelewa, na jasho likaanza kabla ya akili: kila gari linapolalia kushoto, waya unalala kwenye ukingo wa lile tundu, na lile bati linaula kidogo kidogo. Nikapunguza mwendo. Nikapinda kwa upole kama nimebeba maji kwenye sahani.

"Shemeji, zima hiyo kitu," Rajabu akasema.

"Sijaiwasha."

"Zima hivyo hivyo."

Nikawasha swichi, nikazima, nikawasha, nikazima. Haikujali. Tukaingia kwenye shimo moja ambalo sikuliona, gari likaruka, jeneza likagonga, Rajabu akasema "Laa ilaha illallah," na honi ikalia, na safari hii haikukata. Ikaendelea. Ilikuwa honi nzuri, ya sauti mbili, niliichagua mwenyewe zamani kwa ajili ya harusi.

Na mbele yetu palikuwa na kijisenta. Sitakitaja, bado nanunua karoti pale.

Sasa hebu lione gari hilo kwa macho ya watu wa pale. Gari jeupe, safi, linang'aa. Nyuma yake magari mawili, taa zinameta, mwendo wa taratibu, na honi inalia mfululizo bila kupumua. Zaidi ya hapo (na hili sikulikumbuka mpaka nilipoona nyuso zao) mwezi uliopita tu gari hilo hilo lilikuwa limemleta bibi harusi kwenye kijiji hicho hicho. Walitoka wote. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka kuchuma chai na vikapu mgongoni, kinyozi na mteja wake mwenye nusu ya kichwa, watoto wa shule. Vigelegele vikapasuka kutoka pande zote mbili za barabara, na mama mmoja mnene, mchangamfu, akavua kanga ya mabegani akaitandaza katikati ya njia mbele ya gari langu, kama inavyofanywa kwenye harusi, njia imefungwa mpaka bwana harusi atoe chochote.

Nikasimama. Ningefanya nini, nimkanyage?

Nikazima injini, na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi yangu, maana honi niliipa moto wa betri moja kwa moja. Injini ilizimika, honi haikuzimika.

Nikashuka. Yule mama anacheza mbele yangu, mabega yanakwenda. "Toa cha njia, mgosi! Usije ukatupunguzia hapa!"

"Ni msiba!" nikasema.

"Nini?"

"Msiba!"

"Hatusikii! Toa mkono mfukoni!" na wenzake wakapokea kwa vigelegele vingine, kwa sababu mtu wa harusi anayepayuka na kurusha mikono ni burudani kuliko anayetoa.

Nikafungua boneti. Nikaushika ule waya pale kwenye betri nikauvuta kwa mkono, nikavuta na kuvuta, haukutoka. Katika maisha yangu nimefunga vitu vingi vikafunguka vyenyewe, lakini nati ile niliifunga kama fundi wa meli. Spana ziko nyumbani, ukutani, zimehesabiwa mara mbili. Honi yenyewe iko ndani nyuma ya bampa, mkono haufiki. Waya wa ndani nao nilikuwa nimeuzungushia tepu pamoja na nyaya nyingine za gari, nadhifu, ili upendeze. Nikasimama pale nimeinama kwenye injini, honi inanipigia usoni, kina mama wanaimba wimbo wa kumpokea bibi harusi nyuma yangu.

Kisha wimbo ukakatika. Rajabu alikuwa amefungua mlango wa nyuma.

Waliona kitambaa cha kijani. Sauti zilizima moja moja, wa mbele kwanza, halafu wa nyuma walioambiwa na wa mbele. Yule mama alibaki na mkono wake hewani, akaushusha kwa mkono mwingine kana kwamba si wake. Akainama, akaiokota kanga yake vumbini, hakuikung'uta, akajifunika nayo kichwa. Wanaume wakavua kofia, kinyozi akamvua mteja wake shuka. Kijiji kizima kimesimama kimya kwa heshima ya baba mkwe, mtu aliyeongea kwa sauti ya kuinamiwa, na kitu pekee kilichokuwa kinapiga kelele chini ya mbingu hizo kilikuwa changu.

Ule mfululizo wa honi katika ule ukimya, jamani, vigelegele vilikuwa nafuu.

Nikaona Mama Zaina anashuka kwenye Haisi. Alikuwa ameisikia tangu *pi* ya kwanza, kona zote zile, amekaa nyuma yangu na dada zake, hana la kufanya. Akapita katikati ya watu, hakumtazama mtu. Nikadhani anakuja kunitukana, na Mungu anisamehe, nilitamani anitukane. Akafika kwenye boneti, akatazama ndani, akatazama lile tundu. Halafu akainua mguu wake wa kulia, akavua ndala, ya bluu, iliyolika kisigino (alitoka nyumbani alfajiri ile na zilizokuwa mlangoni), akanipa.

"Weka," akasema karibu na sikio langu. "Bado ina maisha."

Nikaikunja, nikaisukuma kati ya waya na ukingo wa bati, nikaigandamiza kwa kiganja.

Honi ikakata.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Ulisikika mto huko bondeni. Yule mama wa kanga akamsogelea Mama Zaina, akavua ndala zake mwenyewe zote mbili, akazisukuma mbele yake kwa mguu. "Vaa, mwanangu. Utusamehe, hatukujua."

"Hamna kosa, mama," mke wangu akamjibu. "Nitafika hivi hivi." Na akarudi kwenye Haisi, mguu mmoja una ndala na mmoja hauna, kwenye changarawe, mbele ya kijiji kizima, binti wa marehemu.

Tukaendelea. Soni, Lushoto mjini, Magamba. Sikugusa swichi tena. Kila kona nilishusha kioo, nikasimama, nikasikiliza kwanza kama kuna gari, ndipo nikaingia.

Tulipofika chini ya kilima cha mzee, vijana wa pale walikuwa wameshaondoa mawe ili gari lipande mpaka uwanjani. Walinipungia nipande. Nikazima injini palepale chini barabarani, mahali pangu pa siku zote.

"Mbona hapa?" Rajabu akauliza.

"Ng'ombe wanashtuka."

Akanitazama, halafu akatazama kilima, akaliinamia jeneza. Tukampandisha kwa mabega, mimi bega la mbele kushoto, hatukusikika ila pumzi zetu na ile dua ya chini kwa chini. Ng'ombe waliinua vichwa bandani, wakaendelea kutafuna. Alasiri tukazika.

Jioni nilikwenda kumpa pole mama mkwe. Alikuwa ndani, ameshaanza eda, nami nikakaa kizingitini, macho chini, kama inavyotakiwa kwa mkwe.

"Mnunuzi," akasema kutoka ndani, "wanasema huko njiani mlikuja na makelele."

Nikamweleza yote, waya, tundu, ndala. Sikupunguza kitu.

"Na hapa kwangu gari mliliacha wapi?"

"Chini barabarani, mama. Tulimpandisha kwa mabega."

Kisha, kwa sauti ambayo ilibidi niinamishe kichwa ili niipate, akasema, "Basi."

Gari nililipeleka kwa fundi yule yule. Akataja bei ile ile, nikalipa kabla hajaweka chapati chini. Alipoichomoa ile ndala kwenye injini akataka kuitupa, nikamzuia, na sasa imekaa kwenye dashibodi, pale ilipokuwa swichi. Mama Zaina nilimnunulia ndala mpya sokoni, na muuzaji, ambaye ananijua, aliposikia nimekubali bei yake ya kwanza, alizichukua noti zangu akazigeuza kwenye jua, upande huu na upande ule.

Kabichi bado napunguza, msinielewe vibaya. Lakini mtu akiniomba nimbebee mtu wake, mgonjwa au mzima au marehemu, naitazama kwanza ile ndala, halafu namwambia akakodi gari zuri, na nauli naichangia mimi.